Msichana Niliyemwita Mwoga

Aliletwa kwangu mwezi wa Januari, akiingia Kidato cha Pili, na aliyemleta alikuwa naibu wa mwalimu mkuu mwenyewe. Kwao naibu ni Lugari, na wakati wa likizo ya Krismasi alikuwa amemwona msichana huyo kanisani akiinama ili apite mlangoni. Hilo lilimtosha. Alimshawishi mwalimu mkuu ampe mojawapo ya nafasi chache ambazo shule yetu ya bweni, nje kidogo ya mji wa Kakamega, iliwawekea wasichana wenye vipawa vya michezo. Kisha akaja naye uwanjani akaniambia, "Mwalimu, nimekuletea mnara. Kazi kwako."

Nilimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Nilikuwa nimefundisha hesabu na mpira wa vikapu katika shule ile kwa miaka tisa, na sikuwa nimewahi kupata mchezaji mwenye mikono mirefu namna hiyo. Nilimrushia mpira ghafla, bila kumwonya. Aliudaka kwa ncha za vidole, hata kishindo hakikusikika. Nikajiambia kwamba mwaka huu hakuna shule itakayotusumbua.

Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimeanza kukasirika. Kila alipodaka mpira, alisimama. Wenzake wakiudaka waliudunda, wakakata kulia au kushoto, wakapenya hadi chini ya kikapu. Yeye aliganda palepale kwenye saruji, mpira juu ya kichwa, macho yakihangaika kutafuta wa kumpa. Na alipotakiwa kumkaba mpinzani, alirudi nyuma hatua nzima, akainua mikono, akabaki hapo akimtazama mwenzake akifunga.

"Msogelee!" nilimpigia kelele. "Kwani anauma?"

Wasichana wengine walicheka. Yeye hakucheka wala hakusogea.

Kakamega mvua hunyesha karibu kila siku baada ya chakula cha mchana, na mara nyingi tulianza mazoezi kwa kusukuma maji uwanjani kwa mafagio. Nilianza kumpa yeye fagio na kumwacha nalo. Wenzake waliponyosha viungo, yeye alifagia. Nilijiambia kwamba ninamfunza nidhamu. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwona akiganda.

Tulicheza mechi tatu za kirafiki muhula huo, na katika zote tatu hakufunga hata kikapu kimoja. Ya tatu tuliicheza ugenini, upande wa Mukumu. Wasichana wa pale walikuwa wafupi, wepesi kama panya, nao waligundua haraka kwamba yule mrefu wetu hagusi mtu. Walipita kwake kila walipotaka. Wakati wa mapumziko niliwakusanya wachezaji wangu kando ya uwanja, na hasira ikanishinda. Nilimnyoshea yeye kidole mbele ya wote.

"Hata mlingoti wa bendera ni mrefu," nikamwambia, "lakini hatujawahi kuusikia umefunga kikapu."

Alikuwa ameshika chupa ya maji. Aliifunga taratibu, akanitazama usoni.

"Basi mngekuja na mlingoti, Madam."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilimwambia akae kwenye benchi na asiinuke hadi nimwambie, na sikumwambia. Tulishindwa vibaya. Kwenye basi la shule nahodha wetu alilia kwa hasira, akasema kwa sauti ili yule mrefu amsikie kwamba kuna watu wanaokula nafasi za wengine. Sikumkemea. Nilikuwa na mawazo yaleyale.

Tangu siku hiyo msichana yule hakunisalimu tena. Nilikuwa namfundisha hesabu pia, kwa hiyo tulionana kila siku, na kila siku tulipigana bila kugusana. Nikiingia darasani alisimama pamoja na wengine, lakini mdomo wake ulibaki umefungwa wakati wenzake wakiitikia salamu. Nikimuuliza swali alisema, "Sijui, Madam," ilhali daftari lake nilikuwa nimelisahihisha jana yake na majibu yote yalikuwa sawa. Asubuhi moja nilimtoa nje ya darasa kwa ajili ya ile "sijui". Alisimama dirishani kipindi kizima akinitazama ninavyoandika ubaoni, na mkono wangu ukaanza kukosea.

Lazima niseme jambo kuhusu mimi mwenyewe, si kwa kujitetea. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, watu walikuwa wakija kunitazama nikicheza. Nilishika mpira kwa mara ya kwanza Kidato cha Kwanza, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa naanza kwenye timu ya kwanza. Mwaka wa pili chuoni goti langu la kushoto lilipinduka nikitua chini ya kikapu, na mchezo wangu ukaishia hapo. Kwa hiyo nilichokijua juu ya kipawa ni kwamba hujitokeza mapema, chenyewe, na kwamba muda ni mfupi. Msichana mwenye mwili kama ule, magoti mazima mawili, akiutumia kusimama tu, alinichoma rohoni. Nilimwonea wivu na kumdharau kwa wakati mmoja.

Mwisho wa muhula naibu aliniita ofisini kwake. Kila aliyepewa nafasi ya michezo alihitaji tathmini ya kocha, na kamati ingeitumia muhula wa pili kuamua nani abaki.

"Yule mnara wangu vipi?" akaniuliza.

"Si mnara. Ni kivuli cha mnara."

Alicheka bila furaha. Yeye ndiye aliyemleta, na aibu ilikuwa yake pia. "Basi andika ukweli," akasema, "tumpishe mwingine."

Niliandika palepale, kwenye meza yake, kwa kalamu yake. Niliandika kwamba msichana huyo ni mwoga, kwamba hana silika ya mchezo, na kwamba kwa umri wake kama kipawa hakijaonekana hakitaonekana tena. Nilitia sahihi. Ilinichukua kama dakika tano, na nilipotoka nje nilijisikia mwepesi.

Siri ya ofisi ya shule haikai. Kufikia muhula wa pili bweni zima lilijua nilichoandika, na Jumapili ya wazazi kuwatembelea watoto, mama yake alikuja kunitafuta.

Nilikuwa nje ya chumba cha walimu nikizungumza na mzazi mwingine. Niliona mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye viatu vya mpira vyenye udongo mwekundu wa Lugari, amebeba kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Harufu ya ingokho, kuku aliyechomwa, ilitoka kikapuni. Alingoja hadi yule mzazi akaondoka.

"Wewe ndiwe mwalimu wa mpira?"

"Ndimi, mama. Karibu."

"Sijakuja kukaribishwa. Ni wewe uliandika kwamba mtoto wangu ni mwoga?"

Nilimwambia kwamba tathmini ni mambo ya shule na kwamba angeweza kumwona naibu. Hakuondoa macho usoni pangu.

"Huyu mtoto nikienda kwa shamba la mahindi jioni na kuna nyoka, yeye ndiye ananitanguliaga. Mwoga ni gani? Huko nyumbani alikuwa anachezanga netiboli mpaka wanampeleka mbali kushindana. Mumemtoa kwa mchezo wake, mukamtia kwa mwingine, hakuna mtu amemfundisha, halafu unamuita mwoga. Wewe ulifundishwanga na nani? Au ulizaliwa na mpira mkononi?"

"Mama, mimi nimefundisha mchezo huu miaka mingi."

"Basi hiyo miaka imepotea," akasema, akainua kikapu chake na kwenda kumtafuta binti yake chini ya miti, ambako wazazi wengine walikuwa wakipakua obusuma, ugali wa kwetu.

Nilirudi nyumbani kwangu Shieywe nikiwa nimewaka moto. Nilifua nguo zote zilizokuwamo nyumbani, hata safi. Mwanamke ambaye hakuwahi kutazama mechi hata moja ya mpira wa vikapu alikuwa amenifokea mbele ya walimu wenzangu. Neno lake moja tu, netiboli, lilinikwama, na nilijitahidi kulisahau.

Siku chache baadaye kulikuwa na mashindano ya mabweni. Nilikuwa napita na vitabu vya kusahihisha, nikasikia kelele kwenye uwanja wa udongo nyuma ya jikoni. Bweni lake lilikuwa linacheza netiboli. Nilisimama kwenye kona ya jikoni, mahali ambapo hata akitazama asingeniona kwa moshi.

Msichana aliyekuwa akicheza pale sikumjua. Aliruka, akaudaka mpira angani kwa mkono mmoja, akatua na kusimama kama msumari uliopigwa ukutani, na kabla vumbi halijatulia mpira ulikuwa umeshaondoka mikononi mwake kwenda mahali ambapo mwenzake alikuwa hajafika bado. Upande wa pili ulipotaka kufunga, alirudi nyuma hatua moja, akainua mikono, akauchuma mpira kutoka hewani kama mtu anayechuma pera. Wenzake walimwimba.

Dakika tano zilitosha. Katika netiboli ukidaka mpira ukatembea nao, refa anapuliza kipenga. Ukimkaribia mwenye mpira kuliko hatua moja, refa anapuliza kipenga. Hakuna kudunda mpira wala kusukumana. Kila nilichokiita woga kilikuwa ni sheria aliyoishika tangu utotoni, akaishika vizuri kuliko wote, na mwili wake ulikuwa unaitii kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Miguu ile haikuwa imeganda. Ilikuwa imefunzwa.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyefumaniwa. Nilivishika vitabu vyangu nikaondoka kwa njia ya nyuma, na kwa majuma mawili sikufanya lolote. Nilimwona kila siku darasani, na kila siku nilijua. Kama angekuwa amenisalimu hata mara moja, pengine ningemwambia. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, kwamba yeye ndiye wa kuanza.

Kamati ilipokaribia kukaa, nililala vibaya, na Jumatatu baada ya masomo nilimwita uwanjani peke yake. Alikuja na fagio.

"Weka hilo chini. Kwa nini hukuniambia ulikuwa mchezaji wa netiboli?"

"Hukuniuliza, Madam. Uliniambia tu nimekosea."

"Nimekuona ukicheza."

Aliliweka fagio chini.

"Nitakufundisha upya," nikasema. "Kuanzia miguu. Huhitaji kunipenda."

"Sikupendi."

"Vizuri. Simama hapa."

Tulifanya kazi hivyo, kila jioni, saa moja kabla ya wenzake kufika. Nilichora alama za chaki kwenye saruji, hatua ya kwanza na ya pili, naye alidaka mpira, akatembea juu ya chaki, akaachia. Mara mia. Alikuwa na hasira nami katika kila pigo la mpira, na hasira hiyo ilimfaa. Akikosea sikumtukana tena, na akipatia sikumsifu, maana sifa zangu angezitema. Baada ya siku nane miguu yake ilikuwa imeanza kuelewa.

Lile la kumkaribia mtu lilikuwa gumu zaidi. Alifika hatua moja kutoka kwangu, mwili ukakataa.

"Nisukume," nikamwambia.

"Nini?"

"Mimi ni mpinzani. Nimekugeuzia mgongo, nataka kufunga. Nisukume kwa kifua, unitoe hapa."

Alinigusa kama anayegusa sufuria ya moto. Nikamwambia tena. Akanigusa tena vilevile. Nikageuka nikamwambia, "Niliandika kwamba wewe ni mwoga. Niliandika kwa mkono wangu na kutia sahihi."

Nilipogeuza mgongo, alinijia na uzito wake wote. Nilianguka mbele, goti la kushoto likapiga saruji, na maumivu yakapanda hadi kwenye meno. Nilikaa chini nikilishika. Alisimama juu yangu akihema. Hakuomba radhi wala hakuninyoshea mkono.

"Hivyo," nikasema nilipoweza kusema. "Hivyohivyo."

Nilichechemea wiki nzima. Kesho yake, kwenye mazoezi ya timu, alimtoa nahodha wetu chini ya kikapu mara nne, na nahodha akaja kwangu kushtaki.

Nilikwenda kwa naibu na kumwambia kwamba tathmini yangu ilikuwa na makosa, nataka kuandika nyingine. Alivua miwani akaifuta kwa tai yake.

"Mwalimu, muhula uliopita uliandika hana. Muhula huu unasema ana. Wewe ni mwalimu wa hesabu. Moja na moja kwako ni ngapi?"

"Sikuwa nimemjua."

"Ulikuwa naye miezi mitatu!"

"Nilimtazama miezi mitatu. Sikumjua."

Aliniambia kwamba nafasi ile alikuwa ameshamwahidi mwanariadha mmoja kutoka upande wa Malava, na kwamba wazazi wake walikuwa wameshaambiwa. Nikamwuliza kwa nini ameahidi kabla ya kamati kukaa. Akaniambia ni kwa sababu ya karatasi yangu. Tulipaza sauti hadi karani akafungua mlango kuchungulia.

Nilikwenda mbele ya kamati. Nilieleza habari za netiboli, za miguu, za ile hatua moja. Nilisema kwamba mchezaji huyu atahitaji mwaka mzima, pengine zaidi, na kwamba mwisho wake siwezi kuuapia, ila kwamba niliyoandika kwanza niliyaandika kwa hasira. Mwalimu mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainua karatasi yangu ya kwanza, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya watu saba.

"Sasa, Mwalimu," akasema, "tukuamini lini? Ukiwa na hasira au ukiwa na huruma?"

Walimwondoa.

Niliona ni haki nimwambie mwenyewe. Nilimkuta bwenini akipanga vitu katika sanduku la bati. Alikuwa ameshapata habari kabla yangu. Nilimwambia kwamba nilijaribu kuifuta ile tathmini.

"Unaandika kwa kalamu, Madam," akasema bila kuinua kichwa, "halafu unafuta kwa mdomo."

Mama yake alikuja kumchukua siku ya kufunga shule. Walibeba sanduku pamoja, kila mmoja upande wake, wakapita mbele ya chumba cha walimu. Nilikuwa mlangoni. Hakuna aliyegeuka.

Alikwenda shule ya kutwa karibu na kwao. Nilisikia kwamba hawakuwa na uwanja wa vikapu ila pete moja iliyopigiliwa kwenye mti wa mkaratusi. Kwa mwaka mmoja na nusu sikusikia zaidi ya hapo. Kisha, alipokuwa Kidato cha Nne, tulikutana nao kwenye mashindano ya kaunti. Timu yao ilikuwa dhaifu na tuliifunga bila shida, lakini yeye alikuwa akidaka mpira akienda nao, hatua ya kwanza, ya pili, na chini ya kikapu hakuna msichana wangu aliyeweza kumsogeza. Wachezaji walipopanga mistari kupeana mikono, na sisi makocha nyuma yao, alifika kwangu. Aliugusa mkono wangu kama alivyogusa ya wengine, akasema, "Madam," akapita.

Sasa yuko chuoni hapa mjini na huichezea timu yao. Si nyota. Watu wakiniuliza, na huniuliza kwa sababu wanajua alipitia kwangu, ninasema ni mkabaji mzuri, anayeingia kipindi cha pili wenzake wakishachoka, na kwamba angali anaendelea kukua. Sijui angekuwa nani kama angefundishwa vizuri tangu Januari ile. Nimepiga hesabu hiyo kwa njia nyingi na haitoki.

Mwaka huu, Jumamosi moja, nilikwenda kutazama mechi yao. Mvua ilikuwa imekatika, na watu walikuwa wamejaa kwenye ngazi za saruji. Nafasi niliyoiona ilikuwa moja, na aliyekaa kando yake, akiwa amejifunika leso mabegani, alikuwa mama yake. Alinitambua kabla sijaweza kugeuka. Alisogeza mkoba wake.

"Kaa," akasema. "Lakini usinisemeshe."

Nilikaa. Binti yake aliingia robo ya tatu, akacheza hadi mwisho. Alikosa vikapu viwili vya wazi na kuzuia vingine ambavyo mimi, wakati wangu, nisingevifikia. Mama yake alitaja jina lake kila mara, kwa sauti ya chini, kama anayesali. Kipenga cha mwisho kilipolia alisimama, akakung'uta leso, akashuka ngazi kwenda kwa mtoto wake. Mimi nilibaki nimekaa hadi njia ikawa nyeupe, nikaondoka kwa mlango wa upande mwingine.